Benki imeleta barua ya kupandisha riba ya kadi, na safari ya Unguja iko karibu

Asalaam alaykum wanajumuiya,

Barua ya kampuni ya kadi ya mkopo inasema riba ya mwaka itatoka asilimia 24.9 hadi 34.9. Deni lililopo ni pauni 2,400. Safari ya Unguja ni wiki mbili zijazo na kurudi ni baada ya Idd. Kuna namna ya kukataa, au ndiyo imeshapita? Ndugu yetu wa Columbus, Ohio, naye kaletewa barua kama hiyo. Sheria ni moja?

Wa Mkunazini, Leicester

*

Waalaykum salaam. Sheria si moja. Mimi nasema ya Uingereza, wa Marekani watakuja na yao.

Hiyo barua ni taarifa, si hukumu. Huku wanatakiwa kukuarifu siku 30 kabla riba haijapanda, na wewe una siku 60 tangu kuarifiwa za kukataa. Ukikataa, kadi inafungwa kwa manunuzi mapya, na deni lililopo unalilipa kidogo kidogo kwa riba ile ile ya zamani. Hawana haki ya kukwambia ulete pauni 2,400 kwa mkupuo. Piga hesabu uone: kwa 24.9 riba ya mwezi ni karibu pauni 50, kwa 34.9 ni karibu 70. Pauni 20 kila mwezi kwa vitu ulivyokwisha kuvinunua, pengine na kuvichakaza.

Maneno ya haki ya kukataa yamo katika barua, ila mara nyingi yamefichwa ukurasa wa pili kwa herufi za sisimizi. Ukiyaona, kataa kwa maandishi, usitegemee simu peke yake. Tumia sehemu ya ujumbe ndani ya akaunti yako ya mtandaoni: jina, tarakimu 4 za mwisho za kadi, tarehe ya barua, kisha mambo mawili tu, kwamba unakataa ongezeko, na kwamba unataka akaunti ifungwe na salio ulilipe kwa riba ya sasa. Usieleze shida zako, usiombe radhi. Piga picha ya skrini kabla hujafunga ukurasa.

Watu wengi wanaharibu baada ya hapo. Wanakataa leo, halafu kesho kutwa kifurushi cha simu au televisheni kinajikata wenyewe kwenye kadi ile ile, na kampuni inadai umeendelea kuitumia. Kwa hiyo hamisha kwanza kila malipo yanayojikata, ndipo ukatae. Kosa jengine ni kufuta agizo la benki linalolipa kadi kila mwezi, kwa kudhani kadi "imefungwa". Iliyofungwa ni kununua, deni lipo pale pale, na malipo uliyoyakosa yanakaa katika rekodi yako ya mikopo miaka 6.

Kuna riba ambayo huwezi kuikataa. Kama mkataba unasema riba inafuata ile ya Bank of England, yaani benki kuu ya Uingereza, ikipanda kule inapanda na kwako. Na ofa ya asilimia 0 ikimalizika tarehe uliyoikubali mwenyewe, hilo si badiliko.

Wakikupuuza, peleka malalamiko rasmi kwao. Wana wiki 8 za kukupa jibu la mwisho. Usiporidhika, nenda Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko ya wateja dhidi ya mabenki, ndani ya miezi 6 tangu jibu hilo. Ni bure, usimlipe wakala akufanyie.

Wa Makunduchi, London

*

Salaam. Huo ushauri wa "kataa, funga kadi" usiuchukue kwa nchi zote. Kwa Marekani hapo kuna mtego.

Sheria ya kadi ya mwaka 2009, iliyoanza kwa sehemu kubwa Februari 2010, inataka taarifa ya siku 45. Riba ikipandishwa, deni la zamani linalindwa lenyewe bila kuandika barua yoyote. Hesabu yake ni hii: taarifa ikitumwa tarehe 1 Juni, manunuzi yote hadi mwisho wa tarehe 15 Juni yanabaki na riba ya zamani. Unayonunua baada ya hapo yataingia kwenye riba mpya, ambayo haiwezi kuanza kabla ya 16 Julai. Basi unachotakiwa ni kuacha kuitumia baada ya siku ya 14 na kuendelea kulipa. Kuifunga hakukuongezei ulinzi, na kunaweza kukushushia alama zako za mkopo, maana kikomo chako cha jumla cha kukopa kinapungua huku deni likiwa lile lile.

Kukataa hasa kuna kazi kwa mabadiliko mengine, mfano ada ya mwaka. Hiyo unaweza kuikataa kabla ya tarehe ya kuanza. Wanaweza kuifunga kadi kwa sababu hiyo, lakini hawawezi kudai deni lote papo hapo.

Ulinzi wa deni la zamani una tundu moja kubwa. Ukichelewa kulipa zaidi ya siku 60, wanaweza kupandisha riba mpaka ya deni la zamani. Ikitokea hivyo, lipa kwa wakati mara 6 mfululizo na watalazimika kuirudisha. Na wanaofanya biashara wajue kwamba kadi za biashara hazimo katika sheria hii. Kupunguziwa kikomo nako mara nyingi hakuhitaji siku 45, kwa hiyo usipange tiketi za familia nzima kwa kutegemea kikomo cha mwezi uliopita.

Malalamiko ni kwa CFPB, idara ya serikali ya Marekani ya kuwalinda wateja wa huduma za fedha, mtandaoni. Kampuni kwa kawaida inatakiwa kujibu ndani ya siku 15. Ambatisha barua yenyewe na stetimenti mbili, ya kabla na ya baada.

Wa Wete, Columbus

*

Nyongeza kwa msafiri. Fanya yote kabla ya kupanda ndege. Ukishafika, namba ya siri ya kuingia kwenye akaunti itatumwa kwenye laini yako ya Uingereza. Kama haina rominga, hujiwezi. Nenda nayo, au badilisha uthibitisho uwe kwenye programu ya benki. Zile namba za simu za bure aghalabu hazipatikani ukipiga kutoka Unguja wala Pemba, kwa hiyo andika pembeni ile ya wapigaji wa nje iliyo nyuma ya kadi. Na weka malipo ya chini ya kadi ya kila mwezi yajilipe yenyewe. Siku 60 za kukataa hazisimami kwa sababu barua imelala mlangoni Leicester na wewe uko Nungwi.

Wa Chake Chake, Milton Keynes

*

Ahsanteni. Na wale wanaokwepa riba, wanaolipa salio lote kila mwezi, inawahusu?

Wa Mkunazini, Leicester

*

Kwa manunuzi, sheikh, haiwahusu, maadamu salio zima limelipwa kabla ya tarehe. Angalia taslimu. Ukitoa pesa kwa kadi ya mkopo kwenye mashine ya benki hapo Mjini, riba kwa kawaida inaanza siku hiyo hiyo hata kama mwisho wa mwezi utalipa kila senti, na ada ya kutoa ipo juu yake. Kutuma pesa nyumbani kwa kadi hiyo nako mara nyingi kunahesabiwa taslimu. Ada za skuli za watoto zitume kwa kadi ya kawaida ya benki. Na mashine ya hotelini ikikuuliza ukatwe kwa pauni au kwa shilingi, chagua shilingi.

Wa Makunduchi, London