Bomba la shaba linapasuka tena palepale

Swali: Ndugu mafundi, mtambo wa kupoozea katika ghala la samaki hapa Tanga umevuja gesi mara mbili, na kila mara ufa hutokea kando ya kiungo kilekile cha bomba litokalo kwenye kompresa (pampu inayokandamiza gesi), ingawa nilikichomelea kwa uangalifu. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, shaba iliyochoshwa na mtikisiko haiponi kwa kuchomelewa juu, kata kipande chote, weka kipya, kisha kagua raba za miguu ya kompresa na vibano vya bomba, kwani aghalabu chanzo kimo humo.

Jibu: Kisha pima kama bado panavuja, kwa gesi ya naitrojeni na povu la sabuni. Nakusihi, usitumie oksijeni kamwe, maana ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.

Muulizaji: Nimekagua, raba mbili zimesagika kabisa. Ahsanteni.