Mjadala: Muuza miti shamba aruhusiwe kumwambia mgonjwa wa moyo aache sindano?

Mwalimu, Jinja

Nafundisha Kiswahili shule ya msingi. Swali hili nimelibeba tangu Januari na sijapata wa kunitua.

Mtoto wa dada yangu ana miaka 11 na ana ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi. Kila wiki 4 huchomwa penisilini ya takoni. Siku hiyo darasani hukalia upande mmoja. Mwezi wa kwanza, kwenye stendi ya takisi, mtu mwenye kipaza sauti alimuuzia dada chupa ya nusu lita ya maji ya kahawia, mashapo yametuama chini. Karatasi iliyobandikwa ilisema: MOYO, MAPAFU, PRESHA, PUMU, KINGA. Vijiko 3 kutwa. Akamwagiza mambo mawili: sindano ziachwe zisije zikagombana na dawa, na mtoto akimbie kila asubuhi ili moyo upate nguvu.

Dada aliruka sindano 2. Aliyeshtuka ni mwalimu wa michezo, alipomwona mtoto ameketi katikati ya uwanja, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi.

Sikuja kutukana miti shamba. Mama yangu alitulea kwa mululuza, yale majani machungu, na hatukufa. Kinachoniuma ni lile neno KINGA. Watu wanadhani kinga ni pipa, ukimimina zaidi ndiyo heri. Ugonjwa huu huanzia kooni: bakteria wanaingia, askari wa mwili wanapigana nao, na kwa baadhi ya watoto askari haohao wanazifananisha vali za moyo, yaani milango yake, na adui. Vali inakakamaa, haifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Sindano inazuia koo lisiambukizwe tena, ili askari wale wasiamshwe. Sasa mtoto wa namna hii ukimwambia unamwongezea kinga, unamwongezea nini?

Nasema hivi: anayeuza dawa ya asili azuiwe kisheria kutangaza kwamba inaponya moyo au mapafu. Karibuni tupingane.

Binti wa mganga, Busia

Pole sana kwa mtoto, Mwalimu. Ila tutenge chuya na mchele. Yule wa kipaza sauti ni mchuuzi, msimwite mganga. Baba yangu amechimba mizizi miaka 40. Mtu akija miguu imevimba, akilala pumzi inamkata, humwambia: nenda hospitali leo, kwangu utarudi baadaye.

Na msiongee kana kwamba dawa zenu hazikutoka porini. Dawa za malaria mnazopewa zahanati zina kitu kilichotolewa kwenye mmea wa artemisia. Mama wa Kichina, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Uganda yenyewe ina taasisi ya serikali ya kuchunguza dawa za asili pale Wandegeya, Kampala. Kuna mti wa *Warburgia ugandensis*, umebeba jina la nchi yetu, gome lake kali kama pilipili. Wazee wamelitafuna kwa kikohozi kabla hatujazaliwa. Mnakumbuka 2021, hospitali zimejaa wagonjwa wa korona? Covidex, dawa ya miti shamba ya Profesa Patrick Ogwang wa Mbarara, ilikimbiliwa na maskini na matajiri.

Sheria yako itamfunga nani mdomo? Baba yangu, maana yeye ana nyumba inayojulikana. Mchuuzi atahama stendi, aendelee.

Muuguzi, Gulu

Hiyo Covidex umeitaja nusu. Mamlaka ya Dawa iliikubali Juni 2021 kama dawa ya kusaidia matibabu ya maambukizi ya virusi. Haikusema inaponya korona. Maneno hayo mawili, kusaidia na kuponya, ndiyo mjadala wenyewe.

Kuhusu sindano, ushahidi umetoka huku kwetu kaskazini. Walitafutwa watoto ambao ugonjwa ulikuwa umejificha, unaonekana kwenye kipimo cha picha ya moyo tu. Walikuwa 818. Nusu walichomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, nusu hawakuchomwa. Matokeo yalichapishwa 2021: kwa waliochomwa ugonjwa ulisonga mbele kwa chini ya mtoto 1 katika kila 100, kwa wasiochomwa, karibu watoto 8. Naomba mwenye chupa aniletee hesabu kama hiyo, nami nitamsikiliza kwa heshima.

Na mbio: mazoezi kweli yanautia moyo nguvu, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, presha inashuka. Lakini hiyo ni kwa moyo ambao milango yake inafunga. Mwenye vali mbovu apimwe kwanza, aambiwe kiasi chake. Pia mgonjwa aliyewekewa vali ya bandia na anakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda asijiongezee vitunguu saumu na tangawizi za kukamuliwa bila kumwambia daktari. Anaweza kuvuja damu.

Mwendesha boda, Kampala

Mimi nina kifua, niulizeni mapafu. 2018 takwimu za Shirika la Afya Duniani zilionyesha Uganda ni kati ya nchi zenye watu wanaotumia mwili kuliko zote, watu wazima wasiojishughulisha vya kutosha walikuwa 5.5% tu. Sawa, tunatembea, tunalima, tunabeba. Tunatembea wapi sasa? Nyuma ya moshi wa lori. Makerere wana mradi wa AirQo, wamefunga vipima hewa mjini, tazameni namba zake asubuhi moja. Nilikuwa nakimbia saa 12 jioni kando ya barabara kuu, kikohozi kikazidi, maana anayekimbia anavuta hewa nyingi kuliko aliyesimama. Nilipohamia njia za mlimani zisizo na magari nikapata nafuu. Nyumbani nako tukatoa sigiri ndani. Asali na tangawizi zinanituliza koo, nazipenda, ila masizi haziyatoi.

Bibi, Arua

Sindano inauma, wajukuu zangu. Mtoto ameulizwa?

Mwalimu, Jinja

Bibi, shikamoo. Hakuwa ameulizwa. Nilimwuliza jana. Anasema maumivu anayaweza, asichokiweza ni kusubiri kwenye benchi tangu asubuhi akiwasikia wenzake wanalia ndani. Dada ameongea na muuguzi, Jumatano atachomwa wa kwanza.

Binti wa Busia, umenisogeza. Sitaki tena baba yako anyamazishwe. Nasimama hapa: aseme dawa yake inasaidia nini, lakini yeyote atakayemwambia mgonjwa aache dawa ya hospitali ashtakiwe, awe na nyumba inayojulikana au awe na kipaza sauti. Baba yako angekubali hilo?

Binti wa mganga, Busia

Nimemsomea. Amekubali, ila ana lake: daktari naye akatazwe kumfokea mgonjwa aliyesema amepita kwa mganga. Anasema watu wanaficha kwa kuogopa kufokewa, na hapo ndipo dawa mbili zinapokutana tumboni bila mtu kujua. Muuguzi wa Gulu, hilo unalijibuje?