Naombeni ushauri: kijana wangu wa kidato cha tatu amenasa kwenye vepu na usiku halali

MamaD_Tabata: Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za jioni. Nina kijana wa miaka 16, anasoma shule ya kutwa hapa Dar. Juzi nafua sare zake nikakuta kidude cha zambarau, ukikiona utadhani kalamu ya wino mnene, kinanukia embe. Dada yake ndiye aliyeniambia ni vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Nilipomuuliza hakubisha. Alinijibu, "Mama, nisipovuta kifua kinabana, hata kusoma siwezi." Siku hizi amekuwa mkimya, hasira ziko karibu, usiku namsikia anatembea tembea. Baba yake anataka tumpeleke kijijini kwa babu yake. Mimi moyo unasita. Nifanyeje?

Mzee_wa_Kigogo: Mwanangu, hapo ni fimbo tu. Sisi tulichapwa na sigara tukaziacha.

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Mzee wangu, kwa heshima zote, fimbo haitoi nikotini mwilini. Mama D, hebu angalia maandishi ya kwenye hicho kidude. Ukikuta 5% au 50 mg/ml, hiyo ni kali mno. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya mwisho ni 20 mg/ml. Nyingi zina nikotini ya chumvi, haikwaruzi koo, ndiyo maana mtoto anavuta sana bila kukohoa. Na ubongo wa umri wake bado unakomaa, unanasa haraka kuliko wa mtu mzima.

Hicho kifua kubana kinaweza kuwa arosto. Nikotini ikishuka, wasiwasi unapanda. Akivuta anatulia kidogo, basi anaamini vepu ndiyo dawa yake. Ni kulipa deni kwa kukopa tena. Ila nijibu hili: ukimya na kukosa usingizi vilianza kabla ya vepu au baada?

MamaD_Tabata: Kabla, dada. Vilianza mwaka jana baba yake alipohamishiwa Mwanza kikazi. Vepu anasema alionjeshwa baadaye na wenzake wa tuisheni.

Kijana_wa_Sinza: Mama, shikamoo. Mimi nilivuta nikiwa sekondari. Mzee alininyang'anya mbele ya wageni. Jioni ile ile nikaagiza nyingine mtandaoni, bodaboda akaleta hadi getini, hakuna aliyeniuliza umri. Kilichonisaidia ni mama kukaa na mimi tukazijua saa zinazonishinda: nikitoka darasani, nikigombana na mzee, na usiku kitandani. Usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi. Tukakubaliana simu ilale sebuleni, na nikishtuka usingizini nimwamshe. Alikuwa anaamka kweli, tunakaa jikoni tunakunywa maji, haniulizi kitu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Kama ukimya ulitangulia, basi nao utibiwe, msihangaike na vepu peke yake. Hospitali za Amana, Temeke, Mwananyamala, hata Muhimbili, ulizia huduma ya afya ya akili. Akiacha, siku tatu za mwanzo ni ngumu: hasira, kichwa kuuma, njaa. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Dawa za kusaidia kuacha usimnunulie kwa kubahatisha, daktari aamue. Na akitamka kwamba amechoka kuishi au anataka kujidhuru, msisubiri miadi, mpeleke siku hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, hata yeye mwenyewe anaweza kupiga.

Baba_Wawili: Kijijini hapana. Mtoto anayemkosa baba mnamtenga na mama pia? Shemeji awe anapiga simu kila jioni, na asianze na habari za vepu. Aanze na mpira.

MamaD_Tabata: Asanteni sana. Nimeongea na baba yake, amekubali kuja Ijumaa tumpeleke Amana pamoja. Sasa shuleni je, niseme? Naogopa watamsimamisha masomo.

Nesi_Zamu_ya_Usiku: Daktari kwanza. Halafu mtafute mwalimu wa ushauri nasaha, umwone faragha, usianzie kwa mwalimu wa nidhamu. Na kijana ajue kabla hujaenda.