Nyumba inauzwa lakini mama yangu bado anaishi humo. Madalali na wateja wa Kigoma mmezidi!

Wakuu, salaam. Nimejizuia kuandika huu uzi nisije nikatukana watu. Leo naandika.

Tunauza nyumba ya familia, Ujiji. Mzee alishatangulia mbele za haki, mirathi ilishafungwa mahakamani, ndugu wote tumekubaliana. Mama anakaa humo mpaka ahamie kwa dada yangu Kasulu. Kila dalali tuliyempa kazi tulimwambia jambo moja tu: kabla hujaleta mtu, piga simu.

Hawapigi. Mama yuko uani anachambua dagaa, anasikia geti linalia, watu wameshaingia. Tena kundi zima: mteja, shemeji yake, fundi wa kukagua, dalali, dalali mwingine aliyemuunganisha dalali wa kwanza, na bodaboda aliyewaleta naye yumo ndani. Hodi hakuna. Shikamoo hakuna. Wanakanyaga na viatu vyenye tope mkeka ambao mama anaswalia. Kijana mdogo anampita mtu mzima kama hamwoni, anaenda moja kwa moja kusukuma mlango wa chumba cha kulala.

Mmoja akafungua kabati la nguo. Kabati haliuzwi! Eti anaangalia kama ukuta wa nyuma una unyevu. Sawa, kukagua unyevu ni haki yako, hela ni yako. Si umwombe mwenye chumba, lisogezwe? Yeye akapekua, khanga za mama zikadondoka sakafuni, akaziacha pale pale akatoka.

Mwenzake alikuwa anarekodi video. Jioni ile ile chumba cha mama kikawa kwenye status ya dalali: kitanda, neti, dawa za presha mezani, picha ya marehemu baba ukutani, na maandishi "nyumba kali Ujiji, bei maelewano". Aliyenitumia ni jirani. Mama hatoki hata kwenda dukani bila kujitanda, leo chumba chake kinaangaliwa na mji mzima. Alilia.

Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake. Haikuongeza "isipokuwa nyumba inayouzwa". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipo tangu 2022. Mpaka hela ilipwe na mkataba usainiwe, pale ni kwa mama.

Na najua kwa nini wanaleta watu ovyo. Baadhi ya hawa madalali wanatoza hela ya kuonyesha. Ukinunua, usiponunua, yeye kashachukua chake. Kwa hiyo anakusanya hata mtu asiye na mpango wowote wa kununua, anamzungusha Mwanga, Gungu, Katubuka, mwisho anammalizia kwa mama yangu saa ya adhuhuri.

Kingine kinachoniuma ni kuponda nyumba mbele ya mwenye nyumba ili bei ishuke. "Hii ni ya kubomoa tu, hapa nanunua kiwanja." "Huu mwembe siku ya kwanza tu naukata." Mama amekaa pale anasikia. Zile tofali walizichoma wenyewe, yeye na mzee. Ukiona ufa, niambie kuna ufa. Bati limechakaa, sema, tutaongea na bei itashuka. Lakini uongee na mimi, pembeni, si kumsimanga mama kwenye baraza yake.

Wauzaji wenzangu nanyi msinipigie makofi. Mnapaka rangi juu ya unyevu siku chache kabla mteja hajaja. Mnaonyesha nyumba za kando ya ziwa wakati wa kiangazi, mnanyamaza kabisa kuhusu maji yalivyopanda Kibirizi miaka ya karibuni, na zile mita 60 kutoka ufukweni ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kujenga hamzitaji. Mtu katoka Kibondo kwa nauli yake, anafika anakuta chumba kimefungwa, mpangaji kaondoka na funguo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wengine mnauza mke hajui! Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwenye nyumba ya wanandoa, lakini mwenzako anapata habari siku wageni wanapojaa sebuleni. Na mteja akiomba nakala ya hati akafanye upekuzi ofisi ya ardhi, ahakiki mmiliki ni nani, unanuna. Unanuna nini? Mimi kila aliyeniomba kwa ustaarabu nimempa, na risiti za kodi ya ardhi juu.

Kuanzia sasa utaratibu ni huu: simu siku moja kabla, mje baada ya alasiri, watu wawili au watatu basi, na mimi au kaka yangu tuwepo. Chumba cha mama atakufungulia mama mwenyewe. Simu ibaki mfukoni.

Dalali wa ile video, unajijua. Ifute, na wote uliowatumia uwaambie wafute. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi akiwa huku mkoani, naomba anielekeze pa kuanzia.