Kalipa ya digitali imeniaibisha mbele ya mteja. Ninunue ipi ya kuaminika?

Mkerezaji wa Unga Ltd

Wakuu, habari za jioni. Nina mashine ya kukereza vyuma hapa Unga Limited, Arusha, niliyoachiwa na mjomba. Wiki iliyopita mama mmoja wa Usa River aliniletea shafti ya mashine yake ya kusaga mahindi. Pale beringi inapokaa palikuwa pamelika, nikamwambia bora nimkerezee mpya. Beringi ni 6308, tundu lake milimita 40. Nikakereza taratibu, kila nikipunguza napima, hadi kalipa, kile kipimio cha taya mbili kama koleo, ikasoma 40.00. Nikaipiga na picha, nikamrushia WhatsApp, najisifu.

Alipokuja tukavisha beringi. Ikaingia yenyewe bila hata kugongwa, ikawa inazunguka juu ya shafti kama pete ya kuazima. Mama hakusema neno, aliniangalia tu. Nikakimbilia kwa jirani mwenye maikromita, kipimio cha kukaza kwa skrubu chenye usahihi kuliko kalipa: 39.93.

Kalipa yenyewe ni ya digitali, nilinunua mjini elfu thelathini na tano, boksi zuri, ndani lina sponji. Nikiifunga taratibu inasoma 0.00. Nikiivuta haraka nikairudisha, mara 0.04, mara 0.07. Nina laki moja na nusu, nikijikamua sana laki mbili. Ninunue ipi? Tafadhali msiniambie niagize Ujerumani.

Chalii wa Ngarenaro

Picha ya 40.00 bado unayo? Itundike ukutani, wateja waione 😂

Babu wa Pasua

Pole sana kijana. Mimi niko Moshi, nimekereza tangu enzi ambazo digitali tuliiona kwenye saa tu. Kabla hujatoa hela, jua kwanza hiyo uliyo nayo inakudanganya wapi, maana hata ya laki tano inadanganya ukiishika vibaya.

Chukua beringi mpya ya dukani, kampuni yenye jina, si ya gunia. Hiyo 6308 inafaa: tundu 40, nje 90. Ongeza 6204, nje 47, na ile ndogo ya 608, nje 22. Kipimo cha nje cha beringi nzuri hakizidi milimita hizo, na kikipungua ni kwa milimita 0.015 au chini ya hapo. Sasa hapo una vipimo vitatu vya kuikagulia kalipa yako kwa bei ya beringi. Usipime unene wake lakini! Unene unaruhusiwa kupungua hadi 0.12, utamlaumu asiye na kosa.

Kabla ya kupima, bana karatasi safi katikati ya taya, ivute polepole itoke. Utashangaa uchafu itakaoondoka nao. Halafu funga taya uziinue kuelekea dirishani; ukiona mwanga unapenya sehemu moja na sehemu nyingine haupenyi, hizo taya zimekwisha, hata betri mpya haitazisaidia. Na kama una tabia ya kupima huku kazi bado inazunguka kwenye mashine, ndiko zilikoliwa. Usinibishie, nimefundisha vijana wengi.

Jingine, pima karibu na rula ya kalipa (ule mwili wake mrefu), si kwenye ncha za taya. Kitelezi, ile sehemu inayosogea na taya moja, kikiwa kimelegea, ukibana kwa ncha kinapinda, namba inasoma pungufu. Juu ya kitelezi kuna skrubu mbili ndogo, zikaze kidogo kidogo hadi kiteleze bila kucheza.

Ila kwa shafti ya beringi mimi situmii kalipa hata siku moja. Kalipa ni ya kukufikisha karibu, 40.20 au 40.10. Kuanzia hapo shika maikromita ya 25 hadi 50. Shafti kama hiyo naimalizia 40.01, beringi iingie kwa kugongwa. Na iache ipoe! Ikiwa na joto la nyuzi 30 zaidi ya kawaida, chuma cha 40 kimevimba kama 0.014, kwa hiyo kipimo ulichokipata asubuhi kitakuwa kimetoroka jioni.

Kwa hela yako: venia, yaani kalipa ya kawaida ya kusoma kwa mistari, isiyo na betri, ya chuma cha pua, inayosoma 0.02 (hesabu mistari ya kitelezi, iwe nafasi 50; zikiwa 20 hiyo ni ya 0.05), pamoja na maikromita ya 25–50. Maikromita hiyo huja na kijiti cha milimita 25 cha kuikagulia. Muuzaji akikuambia hakipo, iache palepale.

Dada Spana, Njiro

Shikamoo mzee. Nakubali yote isipokuwa venia. Mimi nina miaka 51, mistari 50 kwenye gereji yenye taa moja naiona kama ukungu. Natumia digitali ya Mitutoyo, ya milimita 150, kosa lake linaruhusiwa 0.02 tu, na ukiisukuma haraka haipotezi hesabu. Bandia zake zimejaa, kwa hiyo usinunue ukiwa umesimama barabarani. Nenda na beringi yako mfukoni upime mbele ya muuzaji. Mwenye kitu halisi hakasiriki.

Mkerezaji, betri uliyoweka ni ipi? Ukiandikiwa LR44 tafuta SR44, inakaa na nguvu ileile hadi karibu na mwisho. Na hizi za bei rahisi zinakula betri hata ukiwa umezima. Mimi yangu ya zamani nilikuwa naitoa betri kila jioni.

Nahodha Mstaafu

Nami nichangie. Niliwahi kuendesha boti Mombasa ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa ski. Wale wa ski moja wana pezi chini ya mkia, na tajiri wangu alikuwa analipima kwa kalipa: urefu, kina, na umbali kutoka mkiani. Alihesabu kwa elfu moja ya inchi, yaani milimita 0.025. Siku moja mgeni akaja na kalipa yake, pezi lilelile, namba nyingine. Wakabishana hadi chai ikapoa. Kumbe mmoja anapima kwa ncha za taya, mwingine kwa katikati. Tangu siku hiyo tajiri akapiga marufuku kalipa ya mtu mwingine kugusa ski yake. Huku nchi kavu sijui kama inasaidia, ila mimi nilicheka.

Mkerezaji wa Unga Ltd

Shikamoo mzee wa Pasua, na asante dada. Nimerudi na majibu. Betri ilikuwa LR44, na imechoka. Nimeweka SR44, sasa hata nikiivuta haraka inarudi 0.00, mara mojamoja 0.01. Kwenye 6308, nje ya beringi, ncha za taya zilisoma 89.95 na karibu na rula 89.98. Nimekaza zile skrubu mbili, sasa kote 89.98. Karatasi nayo ilitoka nyeusi kama imefuta sufuria.

Kwa hiyo kalipa naibakiza kwa kazi za kukaribia. Maikromita ya 25–50 nimeipata jana; muuzaji wa kwanza hakuwa na kijiti, nikamwacha. Shafti ya mama nimeijaza kwa kuchomelea, nikaikereza tena, nikailaza usiku kucha. Leo asubuhi 40.01. Beringi imeingia kwa kugongwa na kipande cha bomba, mama kasimama pembeni anahesabu nyundo. Ameondoka nayo, ila hela iliyobaki amesema atatuma akishasaga gunia la kwanza.

Chalii wa Ngarenaro

Picha ya 40.01 usimtumie.