Seli ikigawanyika, mitokondria hugawanywaje?

Mwalimu_Tudor
Asalaam aleikum wenzangu. Nina maswali mawili ya darasani. Kwenye mitosisi (mgawanyiko wa kiini cha seli) kromosomu hupangwa katikati, zikavutwa na nyuzi, kila upande ukapata fungu lake kamili. Mitokondria (viwanda vya nishati vya seli), Golji (kituo cha kufungasha protini) na viungo vingine vya seli je? Kuna kinachovihesabu, au ni bahati nasibu? La pili: slaidi ya ncha ya mzizi wa kitunguu yaonyesha kromosomu vizuri, lakini mitokondria haionekani hata moja. Kosa liko wapi?

Maalim_Kisauni
Waaleikum salaam, mwalimu. Hakuna kinachohesabu, wala si bahati tupu.

Mitokondria haiundwi upya kutoka patupu. Hutokana na nyingine iliyokua ikakatika, kwa hivyo seli isiyorithi hata moja haina pa kuanzia. Kinga yake ni wingi. Tuseme kila moja yaweza kuangukia upande wowote kwa nafasi sawa. Zikiwa 4, uwezekano wa seli mojawapo kutoka mikono mitupu ni 1 kwa 8. Zikiwa 10, ni 1 kwa 512. Zikiwa 20, ni 1 kwa 524,288, na seli nyingi za mwili wetu zina mamia. Wape wanafunzi mbaazi kavu na sarafu, warushe sarafu mara moja kwa kila punje: kichwa kushoto, mkia kulia. Waanze na punje 4, warudie mara kumi, kisha wajaribu 20. Wataliona wenyewe.

Lakini hesabu hiyo yafaa tu kama vipande vimetengana. Kwa kawaida mitokondria huwa zimeungana kama matawi, na mtandao mzima waweza kubaki upande mmoja. Ndipo kimeng'enya CDK1, kilekile kinachoiingiza seli kwenye mitosisi, huibandika protini Drp1 fosfeti. Drp1 huizunguka mitokondria kama kitanzi na kuibana hadi ikatike. Golji ya seli za wanyama nayo huvunjika ikawa vifuko vidogo, kisha hujijenga tena kila upande. Retikulamu ya endoplazimu (mirija ya utando ambamo protini na mafuta hutengenezwa) haisagiki hivyo: hubaki mtandao mmoja, ukakatwa seli inapobanwa kiunoni.

Sentrosomu, kitovu ambako nyuzi za kuvuta kromosomu huanzia, ndiyo isiyoachiwa bahati. Ni moja, hunakiliwa mara moja tu wakati DNA inanakiliwa, na kila ncha ya nyuzi hukaa moja. Zikizidi mbili, nyuzi huweza kuvuta pande tatu au nne na kromosomu zikaenda mrama.

Mwalimu_Tudor
Shukran sana. Na fungu likitoka 45 kwa 55?

Maalim_Kisauni
Hakuna neno. Kwa mitokondria 100, tofauti kama hiyo ni ya kawaida kabisa. Seli iliyopata chache huzikuza kabla ya kugawanyika tena.

Fundi_wa_Maabara
Kosa la slaidi ni asidi. Kihifadhi cha alkoholi sehemu 3 kwa asidi ya asetiki sehemu 1 hulinda kromosomu lakini huharibu utando wa mitokondria. Kisha ncha inachemshwa kwenye asidi ya haidrokloriki ya 1 M kwa nyuzijoto 60, dakika kama 5, ili seli ziachane. Hapo hakuna kilichosalia cha kutafuta.

Tengeneza slaidi ya pili, mbichi. Bandua ule utando mwembamba wa ndani ya gamba la kitunguu, udondoshee rangi ya Janus green B ya asilimia 0.01, subiri dakika 5 hadi 10, utazame kwa lenzi kubwa uliyonayo. Utaona vidoa vya kijani-buluu vikitembea. Usichelewe: hewa ikiisha chini ya kioo cha kufunikia, rangi hufifia, kwa sababu ni vimeng'enya vya mitokondria vinavyotumia oksijeni ndivyo vinavyoihifadhi. Waambie wanafunzi mapema kwamba seli hizi hazigawanyiki. Slaidi hii ni ya kuonyesha mitokondria zenyewe tu.

Bi_Likoni
Niongeze viumbe wawili, maana hapo ndipo swali linapokuwa tamu.

Hamira hii ya mahamri haijikati katikati, hutoa kichipukizi. Mzigo hauwezi kufika humo kwa bahati, hivyo protini Myo2 huuburuta juu ya nyuzi za aktini (protini ya kiunzi cha seli). Vakuoli (kifuko cha akiba na taka) hushikwa na kishikizo kiitwacho Vac17. Kishikizo kikikosekana, kichipukizi hutoka bila vakuoli, kisha hujitengenezea yake. Mitokondria haina njia hiyo.

Wa pili ni kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Ana mitokondria moja tu na apikoplasti moja (kiungo kidogo ndani yake, ndugu wa kloroplasti ya mimea), na ndani ya chembe nyekundu moja huzaa watoto 16 hadi 32 hivi. Oganeli hizo mbili hurefuka, hutoa matawi, zikakatwa mwishoni kabisa ili kila mtoto achukue moja na moja. Doksisaiklini hupiga hapo: huzuia apikoplasti kutengeneza protini. Mzazi humaliza mzunguko wake wa saa 48 na kuzaa, lakini watoto hurithi apikoplasti mbovu na hufa katika mzunguko unaofuata. Ndiyo sababu mgonjwa wa malaria hatibiwi kwa doksisaiklini peke yake. Hupewa pamoja na dawa inayoua haraka.