Rilei ya elektroniki na taa ndogo isiyozimika

Swali, kutoka Chumbageni, Tanga
Ndugu mafundi, nimefunga rilei ya elektroniki (swichi inayowashwa kwa ishara ndogo ya umeme) ya ampea 25 ili iwashe taa ya LED ya wati 3 barazani. Nikiizima, taa hubaki na mng'ao hafifu, hata vitone vyake vinahesabika. Je, rilei ni mbovu?

Jibu
Ni nzima, ndugu yangu. Ndani yake mna traiaki, yaani swichi ya elektroniki isiyo na sehemu zinazosogea, na pembeni yake kapasita na rezista za kuikinga, ambazo hupitisha miliampea chache hata rilei ikiwa imezimwa; pasi haiathiriki, lakini taa inayokula miliampea 13 hivi kwa volti 230 huathirika. Tena mkondo mdogo kama huo wa taa unaweza kushindwa kuifanya traiaki ibaki imewaka, taa ikapepesa inapowaka.

Jibu jingine
Naafiki. Rezista ya kilo-omu 22 yenye uwezo wa wati 5, ikiunganishwa sambamba na taa, hupunguza mng'ao lakini haiondoi kupepesa, nayo hula wati 2.4, karibu sawa na taa yenyewe! Mimi ningefunga rilei ya kawaida ya koili, ambayo hukata umeme kwa kutenganisha vipande vya chuma. Na kabla ya kugusa holda, zima swichi kuu, kwani rilei ya elektroniki haikati umeme wote.